Kabla hujamlaumu kaa wa Morrowind

Kimya changu cha wiki mbili msikihesabu. Kulikuwa na majaribio matatu mfululizo, halafu hii baridi ya Olmotonyi mnaijua wenyewe, ukitoa mkono nje ya blanketi unaanza kujuta.

Leo naandika kwa sababu ya kaa. Kaa wa majini, sio makaa ya jiko.

Jumamosi iliyopita mshikaji ninayekaa naye chumba kimoja, mtu wa hesabu na fizikia, aliazima laptopu yangu acheze Morrowind. Haikupita nusu saa nikasikia anatukana kwa kilugha. Mhusika wake kauawa na kaa wa ufukweni. Sio joka, sio jini. Kaa! "Gemu lako bovu," akasema. "Nachoma kisu, nakiona kwa macho yangu kinapita kwenye gamba, halafu kaa yuko mzima." Nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe mara ya kwanza niliuawa na panya, nikaona nikae kimya.

Basi nimeamua kuandika, maana huyu si wa kwanza. Nimeshagawa hili gemu kwa watu watano hapa chuoni na wanne waliliacha siku hiyo hiyo. Kwa wasiolijua: ni gemu la njozi la kampuni ya Bethesda ya Marekani, lilitoka tarehe 1 Mei 2002, yaani kabla mimi sijazaliwa. Unakuwa mtu mmoja kwenye kisiwa kinachoitwa Vvardenfell, unamchagulia kabila, fani na nyota ya kuzaliwa, halafu unaachiwa uende unakotaka. Kwa kompyuta zetu hizi za kuungaunga linafaa sana, maana lilitengenezwa kwa ajili ya mashine za prosesa ya megahezi 500. Hata ile laptopu unayoionea aibu maktaba inalibeba bila shida.

Sasa kwa nini kisu kinapita na kaa hafi? Mimi ni mtu wa historia, siwezi kueleza jambo bila kuanzia mbali, mnanivumilia tu.

Mwaka 1824 afisa mmoja kijana wa jeshi la Prussia, von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita ulioitwa Kriegsspiel. Baba yake alikuwa ameuanza, yeye akaukamilisha. Kuna ramani, kuna vipande vidogo vinavyowakilisha vikosi, kuna dadu za kuamua nani kapigwa kiasi gani. Na katikati yupo mwamuzi. Maafisa wanampa amri zao, yeye ndiye anayejua kila kitu, na anamwambia kila mmoja kile tu ambacho angeweza kukiona akiwa vitani. Haukuwa mchezo wa kupotezea muda. Jeshi liliutumia kufundishia maafisa wake. (Lishikeni hilo jeshi, nitalirudia.)

Ruka miaka 150. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, waliokuwa wagonjwa wa michezo ya vita ya mezani, walitoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 kwa kuanzia. Walichobadilisha kinaonekana kidogo lakini ndicho kilichozaa mambo yote haya: badala ya kuongoza kikosi kizima, kila mchezaji anakuwa mtu mmoja tu. Wewe mpiganaji, yule mchawi, yule pale kasisi. Mwamuzi akabaki, ila sasa akawa msimulizi. Dadu nazo zikabaki, ikaongezeka ile maarufu yenye nyuso 20. Ukisema "nampiga panga", haina maana umempata. Ina maana umerusha dadu.

Mwaka uliofuata, 1975, mchezo ukaingia kwenye kompyuta, na hapa wanaosomea ualimu inatuhusu moja kwa moja. Illinois kulikuwa na mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO, uliotengenezwa kwa ajili ya KUFUNDISHIA. Wanafunzi wakautumia kuandika magemu ya mapangoni. Moja lilikuwa na jina la pedit5, jina kavu kabisa, linaonekana kama faili la somo tu. Wasimamizi wakaligundua wakalifuta. Jamani, kumbe hii tabia ya kufungua gemu kwenye maabara ya kompyuta na kulificha nyuma ya kazi ya lekchara ina umri wa miaka 50!

Magemu yaliyofuata siyamalizi, Ultima na Wizardry yote ya 1981, na mengine mengi. Nirukie kwenye letu. Kiongozi wa usanifu wa Morrowind alikuwa Ken Rolston, na huyu bwana kabla ya kompyuta alikuwa mwandishi wa michezo ya mezani. Kwa hiyo alipotengeneza gemu mwaka 2002 alikuja na meza yake. Unachokiona kwenye skrini ni mkono unaochoma kisu. Kinachotokea ndani, kusikoonekana, ni dadu.

Nikamwita mwanahisabati wangu tukakaa na kalamu. Hesabu ya kupata pigo iko hivi: chukua ujuzi wako wa silaha hiyo, ongeza moja ya tano ya wepesi wako, ongeza moja ya kumi ya bahati yako. Halafu zidisha kwa pumzi. Pumzi ikiwa imejaa unazidisha kwa 1.25, ikiwa imeisha kabisa unazidisha kwa 0.75. Yeye alichagua fani yenye ujuzi wa panga refu, 35. Lakini akaokota kile kisu cha bure kilichopo kwenye ofisi ya forodha mwanzoni, na kisu ni silaha fupi, ujuzi ambao yeye alikuwa nao 5 tu. Wepesi 40, bahati 40. Tena alitoka ofisini MBIO mpaka ufukweni, na ukikimbia pumzi inakwisha. Kwa hiyo: 5 kujumlisha 8 kujumlisha 4 ni 17, mara 0.75, unapata kama 13. Asilimia 13, na hapo bado hujatoa ukwepaji wa kaa! Angekuwa na panga refu na akatembea polepole ingekuwa 47 mara 1.25, karibu 59.

Akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe kaa hana kosa."

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa anayeanza ni hilo. Chagua silaha moja unayoitaka, hakikisha iko kwenye ujuzi mkuu wa fani yako, kisha nunua silaha ya aina HIYO kabla hujagombana na mtu au mdudu. Duka liko pale pale kijijini Seyda Neen, la Arrille. Na tembea. Ule mstari wa kijani ni pumzi yako, uangalie kuliko ule mwekundu wa uhai. Hata uchawi unashindikana ukiwa umechoka. Nguvu ya uchawi yenyewe, ule mstari wa bluu, hairudi bila kulala au kunywa dawa, kwa hiyo usiimwage kwa panya.

Njiani kutoka kijijini utaona mtu anadondoka kutoka angani, puu, kafa. Ana karatasi tatu za uchawi wa kuruka. Msizisome kwa pupa. Zinakurusha juu kweli kweli, ila hazisemi lolote kuhusu kutua. Zaidi ya hapo siongezi.

Mwanzo wa gemu wewe ni mfungwa unayeshushwa melini. Umeachiwa kwa amri ya mfalme wa mbali, unapewa bahasha umpelekee mtu mmoja anaitwa Caius Cosades mjini Balmora. Usafiri upo: mdudu mkubwa mwenye miguu mirefu kama nguzo za umeme, abiria mnakaa kwenye gamba lake. Kifodi cha Ngaramtoni kilichoota miguu, ila hiki hakikusubirishi mpaka kijae. Ukimfikia Caius atakupa hela kidogo na kukwambia kitu ambacho wengi wanakipuuza: kabla ya kazi yake, nenda kwanza kajiunge na chama chochote, fanya vibarua, upate uzoefu. Msikilizeni mzee wa watu. Ni mwamuzi yule wa mezani anaongea, kavaa sura nyingine.

Uzoefu wenyewe unaupata kwa kutenda. Ukipiga panga, panga linapanda. Ukiruka, kuruka kunapanda. Ukifikisha ongezeko kumi kwenye ujuzi wako mkuu na mdogo, unalala, unaamka umepanda daraja.

Hapa nina kisa. Kuna jioni umeme ulikatika Olmotonyi nzima, laptopu ikawa na chaji, nikatoka nayo barazani. Babu mwenye nyumba, mzee wa Kiarusha, akaja akakaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akavuta kigoda akaangalia. Akauliza, "Huyo ni layoni au ni morani?" Nikamweleza ndiyo kwanza anaanza, atapanda madaraja akishalala. Akashangaa. "Analala, anaamka kakua? Huyo ni mvivu." Nikamweleza habari ya ongezeko kumi, akatikisa kichwa kidogo kama amekubali. Akaangalia tena yule mhusika wangu anavyotembea peke yake kwenye njia ya mawe, jua linazama. Akauliza, "Na wenzake wa rika wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa Waarusha kama kwa Wamasai, layoni hatoki uaskari wa ng'ombe akawa morani kivyake. Rika zima linavuka, lina jina lake, na baadaye linaingia uzee pamoja. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu kwamba kupanda daraja ni sawa na rika, na ningelitumia hilo siku moja darasani. Babu kalivunja kwa swali moja. Na lile swali ni la kihistoria kabisa, maana mchezo wa 1974 ulikuwa wa kundi, mpo watano sita mnazunguka meza, mmoja akianguka mwingine anamtibu. Kompyuta ilipochukua kazi ya mwamuzi ikawaondoa na wenzako. Ule upweke wa Morrowind ambao watu wanausifu, pengo ndilo liliuzaa.

Tangu siku hiyo sishauri mtu aanze peke yake. Kaeni wawili. Mmoja ashike kipanya, mwingine ashike kalamu na daftari, mbadilishane mhusika akifa. Daftari linahitajika kweli, kwa sababu gemu hili halikuwekei mshale wa kukuonyesha uendako. Unaambiwa kwa maneno tu kama tunavyoelekezana huku: pita daraja, ukiona mawe mawili kata kaskazini, mlango uko nyuma ya kilima. Mimi maneno ya mwelekeo ya Kiingereza niliyajua hivyo. Hakuna toleo la Kiswahili, na hilo linaniuma, nalisema wazi. Wakenya wameshathubutu, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mhusika mkuu ni dada wa Kiafrika. Na visa tunavyo. Hebu fikiria unaanza gemu ukiwa Fumo Liongo, mfungwa kama huyu wa Morrowind, isipokuwa hakuna mfalme wa kukuachia, kuna mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Mwili wake haupenyi silaha yoyote, kasoro sindano ya shaba kitovuni. Huyo ni mhusika aliyekamilika tangu enzi za mababu, anasubiri mtu wa programu tu!

Nimetoka nje ya mada. Turudi kwa Caius.

(Asiyetaka kujua kisa mapema aruke aya mbili.) Ukishapata uzoefu na kumrudia, kazi anazokupa si za kuua. Ni utafiti. Kaulize kwa yule wa chama cha wapiganaji, kaulize kwa yule wa chama cha wachawi, nenda mji wa Vivec ukaonane na watoa habari watatu. Halafu anakutuma kwa Hassour Zainsubani, mfanyabiashara aliyezaliwa kwa watu wa majivu, wale wafugaji wanaohamahama wanaoishi kwenye mahema. Huyo ukimpelekea zawadi anakufundisha adabu: usiingie hema la mtu bila ruhusa, uende na zawadi ya heshima. Yaani mapitio ya maandiko, mahojiano, halafu uwandani. Lekchara wetu wa mbinu za utafiti angetoa machozi.

Na kinachotafutwa ni jibu la swali moja: Nerevar, shujaa wa zamani, alikufaje? Hekalu lenye vitabu na majumba linasema alikufa kwa majeraha ya vita kwenye Mlima Mwekundu. Watu wa majivu, wasio na vitabu, wanasimulia kwamba aliuawa na washauri wake wenyewe, hao hao wanaoabudiwa sasa kama miungu hekaluni. Gemu halikwambii nani mkweli mpaka mwisho. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikasirika, nikajua nimeruka kitabu fulani. Nikarudi nyuma nikasoma vyote. Vinapingana, na vimewekwa makusudi vipingane.

Sasa lile jeshi nililowaambia mlishike. Prussia iliunganisha Ujerumani mwaka 1871, na miaka 25 baadaye Wajerumani walikuwa hapa hapa, kwenye miteremko ya Meru. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri upande wa Wameru. Kisa hiki nilikisoma mwanzo kama kisa cha mashahidi wa dini, na kilikuwa kisa kizima, kina mwanzo na mwisho. Baadaye nikasoma kwamba msafara wa askari wa Kapteni Johannes ulikuwa umepiga kambi karibu, kwa hiyo kwa waliokuwa wanatazama kutoka migombani, waliofika siku zile hawakuwa wageni wawili wenye Biblia tu. Kisha zikaja operesheni za kulipiza kisasi, watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa, migomba ikakatwa. Mwaka 1900 viongozi walinyongwa Moshi, Mangi Meli pamoja na wengine wakiwemo wa Meru na Arusha, na mwaka huo huo boma likasimama Arusha mjini, lile ambalo leo ni makumbusho.

Nilimuuliza babu anajua nini kuhusu miaka ile. Alinisimulia karibu saa nzima, majina ya marika, ng'ombe walikopelekwa, nani alijificha msitu gani. Sitayaandika hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa. Ila naweza kusema hayakuwa kwenye kitabu chochote nilichosoma, na mwaka mmoja uliopita ningeyaita hadithi za wazee nikaendelea na maisha. Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha, na mada ya mwitikio wa Waafrika kwa ukoloni huenda ikaniangukia. Sijui bado nitaifundishaje. Najua sitaingia darasani na kitabu kimoja.

Haya, mambo madogo ya mwisho kabla chaji haijaisha. Ukimuua mtu muhimu kwa kisa, gemu litakuonya kwamba uzi wa unabii umekatika. Usijifanye hujaliona, rudi kwenye ulichosevu. Na sevu kwenye nafasi zaidi ya moja, maana huku kwetu umeme haubishi hodi. Karibu na kijiji cha kuanzia kuna pango linaitwa Addamasartus, lina wafanyamagendo na watumwa waliofungwa. Gumu kwa daraja la kwanza, ila ufunguo wa pingu upo humo humo, na hakuna atakayekulazimisha kuutumia. Utumwa ni halali kisiwani, umelindwa na mkataba waliosaini na mfalme. Mtaamua wenyewe. Na wale ndege wabaya wanaokufuata kutoka angani nchi nzima hawana dawa. Olmotonyi yenyewe ni neno la Kimaa la ndege mkubwa, kwa hiyo mimi nimejikubalia, nimekuja nao.

Mshikaji kaanza upya, kamtengeneza mpiganaji mwenye panga refu, anatembea kama bwana harusi. Kaa wamekwisha ufukweni. Jana usiku alifika kambi ya watu wa majivu akaingia hema la mkuu wao moja kwa moja bila hodi, bila zawadi, daftari la Zainsubani liko mfukoni hajalisoma. Sasa hivi anazunguka nje ya kambi anatafuta zawadi, na mimi ndiyo zamu yangu ya kipanya imefika.